Tundu la Kutazamia Madhabahu

Mwenye kutaka kuniita mwongo aniite sasa hivi, afunge mlango, aende zake. Waliobaki wanisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, macho yangu yakiwa wazi, tumboni nina chai na mkate na wala si kitu kingine, na hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo. Ingekuwa ndoto ningeamka, si ndiyo? Basi sikuamka.

Lakini siwezi kuanzia kanisani. Lazima nianzie kwenye kiatu. Unisamehe, ndivyo kichwa changu kilivyo.

Kwetu ni mashamba ya mkonge, upande wa Muheza. Baba alikuwa mkata mkonge. Mwaka mmoja shuleni wakatangaza kwamba mkaguzi anakuja, hakuna kusimama mstarini bila viatu. Hebu fikiria! Watoto wa wakata mkonge, viatu! Karani wa shamba alikuwa na mwanawe wa umri wangu, ila mguu mdogo kama wa kuku. Baba akaenda kuomba vile vya zamani vya yule mtoto, akaniambia, "Vaa, vitaachia." Havikuachia. Tulisimama juani kumngoja mkaguzi, jua likatupiga, likahama, likatupiga upande wa pili, na mkaguzi hakuja. Jioni dole gumba langu limevimba kama nyanya. Likatunga usaha, zahanati wakalikata nusu, na mimi na shule tukaagana hapo hapo, darasa la tatu. Kwa hiyo ukiona maneno yangu yamekaa vibaya, mlaumu mkaguzi.

Sasa dole hilo ndilo lililonifikisha kanisani. Nilipika melini miaka mingi, nikashukia London, nikapata karatasi zangu kwa njia ndefu ambayo siisimulii hapa, nikawa nafagia ofisi kule Croydon, yale majengo marefu yasiyokuwa na roho. Kufagia ni kusimama, na mguu wangu haupendi kusimama. Ilipofika miaka ya tisini katikati ukakataa kabisa. Nikawa nakaa tu chumbani Lewisham nikitazama mvua, mpaka watu wa ibada ya Kiswahili wakanionea huruma. Walikuwa wamepanga kanisa la Waingereza kwa Jumapili mchana, baada ya wenyewe kumaliza ibada yao ya asubuhi. Wakanipa funguo. Kazi yangu nifungue, niwashe hita, nigawe vitabu vya nyimbo, nifunge. Watoto wakaniita Babu Funguo. Nilipenda, sikatai.

Na lile kanisa nalo nilipenda, niseme ukweli. Ungeliona kutoka barabarani ungelidharau. Limejificha nyuma ya duka la mazulia na kituo cha basi, mnara mfupi mnene, kuta za mawe ya gumegume, meusi yanayong'aa kama macho ya samaki. Lilijengwa pale palipokuwa kijiji, London ikaja ikakimeza kijiji, kanisa likakwama kooni. Ndani ukiingia baridi inakushika mabega. Juu ni mbao tupu, maboriti mazito yaliyochongwa kwa shoka, na katikati ya kila boriti kimesimama kinguzo kifupi kimebeba paa kama kuli. Karibu na mlango kuna birika la ubatizo la jiwe, pande nane, na mfuniko wake una pete ya kufuli. Nilimwuliza Doris, bibi wa Kiingereza aliyekuwa akipanga maua, kufuli ya nini? Akaniambia zamani watu walikuwa wanaiba maji ya ubatizo wakayafanyie uchawi. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe hata wao!

Mbele kuna tao kubwa la jiwe linalotenga watu na madhabahu. Juu ya tao wamechora siku ya hukumu, rangi imefifia, imebaki nyekundu ya kutu. Watu uchi wanavutwa na mashetani kwa kamba, wengine wanatiwa chunguni. Ukivuka tao, kulia kuna viti vitatu vya mawe vimechongwa ndani ya ukuta kwa ajili ya mapadri, na bakuli la jiwe lenye tundu la kumwagia maji. Hapo kando amelala bwana mmoja wa mawe juu ya kaburi lake, amevaa vyuma, mikono ameikutanisha, pua hana. Mbwa wake amelala miguuni pake. Hata mbwa kapata nafasi karibu na madhabahu, kumbuka hilo.

Na kushoto, ukuta wa kaskazini, kuna tundu.

Nilidhani ni dirisha lililozibwa. Si dirisha. Ni tundu la ukubwa wa kupitisha kichwa, chini chini, usawa wa mtu aliyepiga magoti, nalo halikutobolewa moja kwa moja. Limekwenda mshazari. Upande wa pili wa ukuta kuna stoo, tunakoweka viti, mafagio na mti wa Krismasi. Ukiwa stoo ukipiga magoti ukatazama katika lile tundu, huoni watu, huoni mlango, huoni yule bwana na mbwa wake. Unaona madhabahu tu. Na ili uione lazima upinde shingo, kichwa kilale begani.

Siku Doris alipotueleza habari za lile tundu tulikuwa mimi na Mchungaji wetu. Jina simtaji. Kijana, suti zake zinang'aa, Kiingereza chake cha kujibu hata polisi. Doris alisema zamani sana, kabla ya paa hili, pale stoo palikuwa na kijumba cha mwanamke. Aliingia, wakamsomea maneno ya maziko akiwa hai, wakaziba mlango kwa mawe. Chakula kwa kidirisha cha nje. Ibada kwa lile tundu. Mpaka akafa.

"Alitaka mwenyewe, love," Doris akaniambia. Ananiita love, kama anavyomwita kila mtu, hata paka wa makaburini. "Watu walimheshimu sana."

"Nani alisema alitaka?" nikamwuliza.

"Waliomfungia, nadhani," akasema. Halafu akatuonyesha kipande cha ubao kilichokaa chini ya mlango wa stoo. "Ila huu mlango sisi hatuufungi. Mama yangu hakuufunga, na wa kabla yake hakuufunga. Msiufunge."

Mimi nilisikia hilo la mlango. Mchungaji alisikia la tundu.

Sasa nikutajie Neema. Neema ni binti wa dada yangu Esta, mimi ndiye mjomba wake na hapa London hana mwingine. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wazee, kazi ya kuinua watu wazima kama watoto. Akapata mimba, mwanamume akaenda zake, mtoto wa kike akazaliwa, mzima, mnene, ana kelele. Kwetu sisi tuliolelewa na misheni unajua kinachofuata. Mama anatengwa. Hapokei meza ya Bwana, mtoto habatizwi, mpaka mama asimame mbele ya watu, aungame, arudishwe kundini, na wazee wa kanisa wampe mkono wa shirika. Nimeyaona toka utotoni. Waliotengwa walikuwa wanakaa benchi la nyuma, wakitazama visigino vya wenzao.

Wazee wakasema aungame na amtaje mwanamume. Neema akasema ataungama, hatamtaja.

"Kwani ni siri ya serikali?" aliuliza Mama Nakijwa, mwenyekiti wa akina mama, ulimi wake unakata nyama iliyoganda. "Si aseme tu? Au ni mume wa mtu? Tuangaliane humu humu!"

"Mama, nikimtaja mtamrudisha?" Neema akamjibu. "Mimi mwenyewe simtaki. Ninyi mnamtakia nini?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Mchungaji hakucheka. Alisema mtu asiyetubu hata benchi la nyuma ni kubwa kwake. Akasema Waingereza wenyewe, waliotuletea dini, walikuwa na chumba cha watu kama hawa humu humu ndani. Neema atakaa stoo na mtoto wake, atafuata ibada kwa tundu, mpaka ulimi umlegee.

Nilisimama nikasema Doris hakusema chumba cha adhabu. Mchungaji akaniambia, "Mzee, wewe washa hita."

Nikawasha hita. Ningefanyaje? Neema mwenyewe alinizuia. Mama yake, dada yangu Esta, alikuwa mgonjwa wa moyo kule Muheza, na kila Jumapili jioni tulimpigia kwa kadi ya simu, na kila Jumapili anauliza neno moja, "Mtoto kabatizwa?" Hakuuliza habari za baridi, hakuuliza habari za kazi. Alitaka asikie mjukuu wake amebatizwa na watu wa kwao, kwa Kiswahili, kabla hajafumba macho. "Acha nikae huko stoo, Mjomba," Neema akaniambia. "Watachoka wao kabla yangu."

Jumapili ile Mchungaji alimsimamisha chini ya tao, chini ya yale mashetani na kamba zao, akasoma maneno ya kumtenga. Halafu wakaenda naye mpaka stoo, akaingia na mtoto mgongoni. Na Mama Nakijwa akapiga kile kipande cha ubao teke, akafunga mlango.

Jioni tuko ndani ya basi, dirisha limejaa ukungu, Neema ananiuliza taratibu, "Mjomba, yule mama mwingine katengwa kwa kosa gani?"

"Mama yupi?"

"Yule wa stoo. Amepiga magoti kwenye tundu toka tulipoingia. Hanisemeshi. Nilimgusa bega nimwombe anipishe na mimi nione, akasogea kidogo."

Niamini, nywele zilisimama. Hakuna aliyekuwa ametengwa isipokuwa Neema. Nikamwambia ni kivuli cha mti wa Krismasi. Alinitazama kama anavyotazama wale wazee wake wanaposema wanataka kurudi nyumbani kwa mama zao.

Jumapili iliyofuata alikwenda stoo mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Na iliyofuata tena. Ndipo nikaona shingo. Tumesimama kituoni, kichwa chake kimelala begani. Nikadhani amelala vibaya. Nyumbani anakula, kichwa begani. Ananyonyesha, kichwa begani. Mtoto akilia hasikii haraka. Nikimwambia twende kanisa jingine, yako tele hapa Lewisham, ya Wakongo, ya Wanaijeria, kila ghorofa lina kipaza sauti, ananijibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Mle ndani ni patulivu, Mjomba. Pale ndipo pangu." Yule yule aliyemjibu Mama Nakijwa! Hasira yangu ilianza hapo, ikawa inalala nami na kuamka nami.

Jumapili hiyo hiyo, ibada imekwisha, watu wako ukumbi wa pili wanakunywa chai, Neema nimemwona kwa macho yangu anakwenda kituoni na mtoto. Saa kumi tu, lakini huku majira ya baridi saa kumi ni giza. Nikaenda stoo kuchukua fagio. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi na ubao wake. Nikaukuta umefungwa. Nikausukuma, ukaachia kwa taabu, ikanipiga harufu ya chokaa mbichi, kama nyumba iliyopigwa lipu leo. Taa nikawasha. Kuna mtu amepiga magoti kwenye tundu, ananipa mgongo, nguo ya sufu rangi ya majivu.

"Neema, umerudi tena?" nikasema. "Twende, baridi hii."

Akageuka. Mwili uligeuka, kichwa kikabaki kimelala begani, kama kilichopigwa msumari pale. Nilitegemea nini? Kama ni jini basi nilitegemea bibi kizee wa kutisha. Alikuwa msichana! Mdogo kuliko Neema. Midomo imekauka, magotini nguo imetoboka, na macho yake yananitafuta lakini hayanipati, kwa kuwa yamezoea kutazama upande mmoja tu.

"Huyo mwenye mtoto ndiye wangu?" akaniuliza.

Usiniulize aliniuliza kwa lugha gani. Nilielewa, basi.

"Wako nani?"

"Wa kunipokea. Nimesikia wakimsomea. Nimesikia mlango. Miaka yote hiyo hawakuniletea mtu, sasa wameniletea."

Hofu niliyokuwa nayo ikageuka. Mimi nikiogopa sana huwa nakasirika, ndivyo nilivyo, melini nimewahi kumpiga papa kwa sufuria. Nikampigia kelele. Nikamwambia yule ni mtoto wa dada yangu, si wake, hana zamu hapa, atafute mwingine.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hata mimi nilikuwa mtoto wa dada wa mtu."

Nikafumba macho. Nilipofumbua palikuwa na viti, mafagio na mti wa Krismasi.

Nilikwenda moja kwa moja ukumbi wa chai, mbele ya watu wote nikamwambia Mchungaji kilichomo stoo. Akanipigapiga begani. "Mzee wangu, umeanza kuona mizimu ya Waingereza? Ya kwetu haikutoshi?" Watu wakacheka, keki mdomoni. Mama Nakijwa akasema nipunguziwe sukari.

"Mtoe mwanangu mle," nikamwambia.

"Amtaje, atoke," akasema. "Mlango hauna kufuli."

Kweli hauna kufuli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki ile nilimsihi Neema, nilimkaripia, nilificha viatu vyake. Jumapili asubuhi nikaenda kumgongea chumbani, hayumo. Nikapanda basi, nikafika kanisani, Waingereza wamekwisha kuondoka na kufunga. Doris yuko nje anamwaga maji ya maua. Funguo ninazo mimi, mfukoni. Nikafungua mlango mkubwa, ndani kimya, na kutoka kule stoo namsikia mtoto analia. Nieleze wewe uliyesoma, aliingia wapi?

Nikaenda nikausukuma mlango wa stoo. Haukuwa mlango tena, ulikuwa ukuta. Mbao zilikuwa baridi kama jiwe na kiganja changu kikatoka cheupe, kimepakaa chokaa. Wazee wa kanisa wakafika, wakasukuma, wanaume wazima. Mchungaji akaja, akautazama, akasema mbao za kizamani huvimba wakati wa mvua, ataitwa fundi baada ya ibada.

"Baada ya ibada?" nikamwuliza. "Mtoto analia mle ndani!"

"Mzee, watu wamekaa. Tuanze."

Wakaanza! Nakuapia, walianza! Wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, mtoto analia ukutani, na watu wanaongeza sauti ili wasisikie. Kisha mtoto akanyamaza. Hilo ndilo lililoninyanyua. Nikapita katikati ya mabenchi na mguu wangu mbovu, nikapita chini ya tao, Mchungaji yuko katikati ya sala amefumba macho, nikapiga magoti mbele ya lile tundu.

Neema alikuwa upande wa pili. Kichwa kimelala begani, macho yanaitazama madhabahu yakinipita mimi kama kioo. Na juu ya bega lake jingine, uso wa yule msichana. Alikuwa anatabasamu, Mungu anisamehe, tabasamu la mtu anayesikia kengele ya kutoka kazini.

"Neema, nipe mtoto."

Aliendelea kuitazama madhabahu.

"Neema! Mama yako atauliza leo jioni. Nimwambie nini?"

Hapo jicho lake likacheza. Likanitafuta. Taratibu, kama mtu anayeinua mzigo kutoka kisimani, akamtoa mtoto mgongoni akampitisha katika tundu, kichwa kwanza. Nilimpokea. Kichwa chake kilikuwa na vumbi la chokaa, midomo imebadilika rangi, na alipoona mwanga akapiga kelele ambayo mpaka leo sijasikia muziki mzuri kama ule. Doris alikuwa ameingia kutazama vurugu gani, nikampa yeye. Alimfunika kwa koti lake bila kuuliza.

"Sasa mkono," nikamwambia Neema.

Nikaingiza wangu mpaka begani. Na nikasema kwa sauti yale maneno ambayo mimi sina haki ya kuyasema, mimi mpishi wa darasa la tatu. Nikasema, Neema binti Yohana, kanisa linakurudisha kundini, pokea mkono wa shirika. Nyuma yangu Mama Nakijwa anapiga ukelele kwamba hajamtaja, hajamtaja! Mchungaji ananivuta koti.

Mkono wa Neema ukanishika, wa moto. Halafu mwingine ukanishika juu yake. Baridi ya ule mkono siwezi kuieleza. Ulinishika kama mtu anayezama. Naye pia alikuwa ameyasikia maneno, naye pia alikuwa ameyangoja.

Ila kurudishwa si kwa mtu mmoja. Wenyewe mnajua, watu lazima waitikie. Nikageuza shingo nikawapigia kelele wale watu, wote, na suti zao na vilemba vyao. "Semeni karibu! Mmeziba masikio? Mwambieni karibu!"

Watu wanatazama wazee, wazee wanamtazama Mchungaji. Nimeona mawe yenye huruma zaidi ya nyuso zile.

Waliosema ni watoto. Wale wa shule ya Jumapili, mabenchi ya mbele, waliozaliwa hapa hapa, Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu. Mmoja akasema kwa Kiingereza, "Welcome back, Auntie Neema." Na wa pili, na wote, kwa sauti ile ya kuimba wanayomsalimia mwalimu wao. "Welcome back, Auntie Neema!"

Ule mkono wa baridi ukanikaza. Lugha ile ilikuwa yake, na jina halikuwa lake. Nikasikia sauti imejaza tundu zima, si kilio, ni mtu anayevuta pumzi ili aseme jina lake na yeye. Hakulisema. Nadhani alikuwa amelisahau. Ukaniachia, kidole kimoja kimoja, na mlango wa stoo ukafunguka wenyewe ukagonga ukuta.

Neema akatoka. Shingo imenyooka, uso mweupe wa chokaa kama mtoto aliyeanguka kwenye unga, akapita mbele ya Mchungaji kama anayepita mbele ya nguzo, akamchukua mwanawe kwa Doris, akatoka nje.

Sasa nikuonye hapa hapa, maana mwisho wenyewe ni mfupi. Huu mkono wa kulia mpaka leo haupati joto. Nimeuweka juu ya hita, nimeuloweka maji ya moto, madaktari wa hospitali wameutazama na kusema ni mzima. Nikisikia harufu ya lipu mbichi natapika. Neema akichoka sana kichwa chake kinalala begani, nami huwa nakinyoosha kwa kelele. Mtoto alibatizwa kwa Wakongo, ghorofani juu ya duka la simu, kwenye beseni la plastiki, kwa Kiswahili chao kile cha mwendo mwingine, akaitwa Esta. Dada yangu alisikia kwa simu, mtoto akilia, akasema, "Sauti hiyo ni ya ukoo wetu," na hakuuliza tena.

Lakini yule msichana yumo. Najua yumo. Mikono ilikuwa miwili, wake na wa Neema, na mimi nilikuwa na mmoja, na waliomfungia ndio waliopaswa kumtoa, nao wamelala karibu na madhabahu na mbwa wao miguuni. Hiyo ndiyo hasira yangu, na simwombi mtu radhi kwa hiyo. Kwa hiyo sikiliza. Ukiambiwa ukae mahali ambapo utatazama wenzako wakila na wewe huambiwi karibu, usikae hata dakika, hata ukiambiwa ni kwa siku chache, hata mlango ukiwa hauna kufuli. Na ukiwa wewe ndiye unayefunga mlango, basi ujue ndani yupo mtu anayengoja mwenzake, na hachagui.

Basi. Neema alipotoka, Mchungaji alikuwa bado ameshika koti langu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima sasa, kwamba tufunge lile tundu kwa saruji, yaishe. Saruji! Nikamtazama, nikaona hajaelewa chochote na hataelewa. Nikavua koti, nikamwachia mkononi. Funguo nikaziweka juu ya kifua cha yule bwana asiye na pua.

"Mzee, unakwenda wapi? Nani atafunga?"

Nilipita chini ya tao, nikapita katikati ya mabenchi, watoto wananipungia, nikatoka. Nje mvua nyembamba. Neema amesimama kituoni na mtoto, Doris amewashikia mwavuli. Basi likaja, tukapanda, na mimi pale sijarudi.